Ngazi Inayolia Haitaki Vanishi

Asalamu alaikum, mabibi na mabwana, mafundi na wenye nyumba. Karibuni.

Leo tunazungumzia ngazi za mbao za nyumba zetu za pwani, zile za mvule, msaji na mninga, zilizobeba vizazi na sasa zinalia kila zikikanyagwa. Mwenye nyumba akichoka na kelele huenda dukani kununua kopo la vanishi. Vanishi haibani kitu. Ngazi hulia kwa sababu mbao mbili zilizokuwa zimeshikana zimeachana na zinasuguana, au ubao unapanda na kushuka kwenye msumari uliolegea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maneno yangu itakuwa juu ya kubana. Kupaka kuna zamu yake.

Anzeni kwa kusikiliza. Mtu mmoja apande polepole, akanyage kila kidato kushoto, katikati na kulia, mbele na nyuma. Mwenzake atie alama ya chaki panapolia. Kikilia mbele katikati, ubao wa kukanyagia umeachana na ubao wa wima ulio chini yake. Kikilia pembeni, shaka ya kwanza iwe kabari za kwenye ubavu wa ngazi, yaani ubao mrefu wa pembeni unaobeba vidato.

Kama uvungu wa ngazi uko wazi, hata kama mmeugeuza stoo, fanyieni kazi huko. Katika ngazi iliyojengwa vizuri, ncha za vidato zimechomekwa kwenye mifereji iliyochimbwa ubavuni, zikakazwa kwa kabari. Kabari husinyaa, gundi hupasuka. Itoeni kabari, mkwangue gundi ya zamani kwa patasi mpaka mbao ionekane, kisha mpake mpya na kuigonga tena. Msimwage gundi mpya juu ya kavu, haishiki. Kabari iliyokwisha ichongeni upya kwa mti mgumu uliokauka. Ya mbao mbichi itasinyaa na kelele zitarudi. Halafu, pale ubao wa wima unapokutana na wa kukanyagia, tieni vipande vya pembetatu vya upana wa mm 50 na urefu wa mm 75 hivi, viwili au vitatu kila kidato, kwa gundi na skrubu.

Uvungu ukiwa umezibwa kwa plasta, tunaingia kutoka juu, na hapa ndipo watu huharibu. Mdomo wa kidato hutokeza mbele ya ubao wa wima kwa mm 20 hadi 30, na ubao wenyewe wa wima una unene wa mm 20 hivi tu. Pimeni katikati ya unene huo kutokea chini ya mdomo, mhamishie kipimo juu, ndipo mtoboe. Ukikisia, skrubu itatokea mbele ya ubao au itaupasua. Kwa skrubu ya mm 4 kwa 50, tundu la ubao wa kukanyagia liwe mm 4.5 ili ipite bila kung'ang'ania, na la ubao wa wima mm 3. Juu panueni tundu kwa mm 10, kina mm 8, ili kichwa kizame. Wakati wa kukaza mtu asimame juu ya kidato hicho, uzito wake uzibe mwanya. Zibeni kwa kizibo cha mbao ileile, nyuzi zake zikifuata nyuzi za kidato. Mkikiweka kinyume kitaonekana milele. Tumieni skrubu za stenlesi au za shaba. Chuma cha kawaida kikipata hewa ya bahari hushika kutu, nayo huacha doa jeusi ndani ya mbao.

Msaji na mvule vina mafuta yake. Kabla ya kutia gundi, futeni kwa asetoni, na gundi iingie mara tu asetoni inapokauka.

Kidato kilichooza au kuliwa na mchwa hakibandikwi viraka. Patasi ikizama kwa mkono mtupu, toeni ubao wote. Mpya uwe na unene uleule, maana mguu hukariri kimo cha ngazi na tofauti ndogo tu humwangusha mtu gizani. Tazameni pia ukuta pale ubavu wa ngazi unapoegemea. Kuta zetu za mawe na chokaa hupumua. Aliyezipiga plasta ya saruji amefungia unyevu ndani, na unyevu huo hutafuta mbao. Bila kurudisha plasta ya chokaa, mtabadilisha kidato hichohicho tena na tena.

Sasa mkono wa ngazi. Tikiseni nguzo ya chini. Ikicheza, msihangaike na kingine kabla yake, kwani ndiyo inayoshikilia vyote. Bolti ya mm 10 inayoingia kwenye boriti ya sakafu hufanya kazi ambayo misumari kumi haifanyi. Vijiti vya chini ya mkono vilivyolegea msivipigilie misumari, huvipasua ndimi, yaani ncha zinazochomekwa. Vitoeni, msafishe, mbandike ubao mwembamba kwenye ulimi uliopungua, kisha mrudishe kwa gundi. Kilichovunjika kipelekeni kwa fundi wa kukereza kiwe kielelezo. Mwanya kati ya vijiti usifike sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite.

Kukwangua rangi ya zamani: acheni grinda, huchimba miduara isiyofutika. Msasa namba 80, halafu 120, malizieni na 180, daima kufuata nyuzi. Mkizidi hapo kidato kitateleza. Vaeni barakoa, vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua, na rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo hizo sugueni kwa msasa wa maji. Pamba ya chuma isiguse hapa kabisa.

Mvule huweza kuchelewesha vanishi ya mafuta kukauka, ikabaki inanata. Dawa yake ni mkono mmoja mwepesi wa shelaki kwanza. Kisha vanishi ya sakafu, si ya fanicha, mikono mitatu, wa kwanza ukizimuliwa kwa asilimia 10. Vidato 14 vya sentimita 90 kwa 25, pamoja na mbao za wima za sentimita 18, ni mita za mraba 5.4 hivi. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja wa rangi, basi lita 2 zinatosha vidato kwa mikono yote mitatu, nunueni ya ziada kwa ajili ya mkono wa ngazi na vijiti. Pakeni vidato vya witiri leo, vya shufwa vikisubiri witiri vikauke, na watu wa nyumbani watapanda wakiruka kimoja kimoja. Wakati wa masika subirini. Kaskazi na kipupwe ni bora, na anzeni asubuhi umande ukishakauka.

Wanaopenda mafuta ya kitani badala ya vanishi, matambara yenu msiyakunje wala kuyarundika kwenye ndoo. Yakikauka hutoa joto, na yakirundikana huwaka yenyewe bila kiberiti. Yaloweni majini, au yaanikeni nje moja moja mpaka yakakamae.