Seneti ya 1963: Viti 18 kwa 16

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo, Kaka Juma, tuna hesabu moja tu mezani: uchaguzi wa Seneti ya Kenya, yaani baraza la pili la bunge, wa Mei 1963, ambapo KANU, chama cha Jomo Kenyatta, ilipata viti 18 na KADU, chama pinzani, 16. Anayetazama matokeo ya Baraza la Wawakilishi, ambako KANU iliwaacha wenzao mbali, hujiuliza kama wapiga kura walikuwa wale wale.

JUMA: Walikuwa wale wale, Dada Rehema, tena mwezi ule ule. Kilichotofautiana ni mgawanyo wa viti. Seneti ilikuwa na viti 41, kimoja kwa kila wilaya na kimoja kwa Nairobi, bila kujali wingi wa watu. Lamu ilipeleka seneta mmoja, na Kiambu, pamoja na umati wake wote, ikapeleka mmoja. Ndivyo KADU ilivyotaka katika mazungumzo ya katiba ya London mwaka 1962, kwa kuwa viongozi wake, akina Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi walihofu kwamba jamii kubwa zingezimeza ndogo, wakadai majimbo yenye mamlaka yake na baraza la pili la kuyalinda.

REHEMA: 18 na 16 ni 34. Viti saba vilikwenda wapi?

JUMA: Viwili vilichukuliwa na APP ya Paul Ngei, chama kilichojitenga na KANU na kilichokuwa na mizizi Ukambani, kimoja na chama kidogo cha Nyanza, na kimoja na mgombea huru. Vitatu vilibaki vitupu, kwa sababu Wasomali wa kaskazini-mashariki, waliotaka kuungana na Somalia, waliususia uchaguzi. Mimi huviona hivyo vitatu kuwa jibu zito kuliko kura nyingi zilizohesabiwa.

REHEMA: Kumbe KANU haikufikisha hata nusu ya Seneti!

JUMA: Haikufikisha. Tena vifungu vya katiba vilivyoyalinda majimbo havikuweza kubadilishwa ila kwa idhini ya asilimia 90 ya maseneta, hivyo watano tu wangetosha kuukwamisha mswada, na KADU ilikuwa nao 16.

REHEMA: Basi walioshindwa ndio walioshika funguo. Ziliwatokaje mkononi upesi hivyo?

JUMA: Kufuli halikuvunjwa; washika funguo ndio waliohama. APP ilirudi KANU mwaka ule ule wa 1963, wabunge wa KADU nao wakaanza kuvuka mmoja mmoja, hadi chama kikajivunja chenyewe Novemba 1964. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri.

REHEMA: Na maseneta wenyewe?

JUMA: Hawakupoteza viti. Seneti ilipofutwa mwishoni mwa 1966, waliingizwa katika bunge moja, yakaundwa maeneo 41 mapya ya uchaguzi juu ya yale 117 ya awali, jumla 158. Ndiyo maana sishangai kwamba mswada wa kuifuta Seneti ulipitishwa na maseneta hao hao.