Kazi Inahama, Nauli Analipa Nani?

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wanafunzi, akina mama wa Kibirizi na Katonga mlioacha dagaa juani mkaja kunisikiliza, ahsanteni sana. Nimepewa swali: mashine zikichukua kazi za mikono, jamii inafaidika au inaumia? Mwenye ukumbi ameshaninong'oneza kwamba saa kumi na mbili anafunga mlango, kwa hiyo sitazunguka.

Swali hili likiulizwa Dar es Salaam, watu huanza na akili mnemba na roboti za Wachina. Sisi wa Kigoma hatuna haja ya kuanzia mbali hivyo. Ushahidi wetu una zaidi ya miaka mia moja, na uko pale chini stesheni.

Kabla ya reli, karibu kila kitu kilichotoka pwani kuja Ujiji kilikuja juu ya kichwa au bega la mtu. Wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, waliondoka pwani Juni 1857. Walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba, na ziwa hili wakaliona Februari 1858. Mizigo yao, kama mizigo ya misafara mingine, ilibebwa zaidi na watu: marobota ya nguo, shanga, waya za shaba, na wakati wa kurudi pembe za ndovu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, sawa na kilo 32 hivi. Waliosifika kwa kazi hiyo ni Wanyamwezi, na kijana ambaye hajawahi kuiona bahari alikuwa anachekwa kwao.

Nataka hapa tuelewane vizuri, maana picha tulizonazo vichwani ni za watu wenye minyororo shingoni. Minyororo ilikuwepo, na Ujiji inaijua. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru mwenye kazi yake. Alipatana ujira kabla ya kuondoka, alidai posho yake njiani, na mkuu wa msafara akileta ujanja kwenye posho, wapagazi walitua mizigo katikati ya pori wakakaa kitako. Mkuu ana bunduki, ana bendera, lakini bila yale mabega hafiki popote. Kwa hiyo alikuwa anakaa chini, wanaongea.

Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora 1912, na Februari 1914 ikafika hapa Kigoma, kilomita kama 1,250. Fanyeni hesabu ndogo. Treni yenye mabehewa kumi, kila behewa limebeba tani kumi tu, inachukua mizigo ya watu zaidi ya 3,100. Safari ya miezi ikawa ya siku. Ile biashara ya kubeba mzigo kutoka pwani hadi ziwani, iliyowalisha watu vizazi kadhaa, ilikwisha ndani ya miaka michache.

Je, ilikuwa hasara? Mimi nasema hapana, na nasema bila kigugumizi. Njia ile iliua watu kwa ndui, kwa kiu, kwa njaa. Na vita ilipoingia mwaka huohuo wa 1914, Wajerumani na Waingereza wote walikamata watu kwa nguvu wawabebee mizigo mahali ambapo treni na magari havikufika. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, hata risasi hawakuiona. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kazi ya mikono ndiyo utu wetu, namwomba kwanza akawahesabu wale.

Lakini swali la pili ndilo linalonikosesha usingizi. Yule mpagazi alikwenda wapi?

Wachache walipata kazi relini, kwenye magenge ya kutunza njia, karakana na stesheni. Tabora imebaki mji wa reli mpaka leo, na Chuo cha Reli kiko pale. Waliobaki walikuwa na kodi ya kulipa kwa fedha taslimu, na fedha haikuwepo kijijini. Ikabidi waifuate, na ilikuwa Tanga, kwenye mkonge.

Mkonge nao una habari yake. Miche yake ililetwa mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf. Sasa nani duniani alikuwa anahitaji kamba nyingi kiasi kile? Wakulima wa ngano wa Marekani na Ulaya. Walikuwa wamepata mashine inayokata ngano na kuifunga miganda yenyewe, na mashine hiyo ilikula kamba bila kushiba. Yaani mashine iliyowaondoa vibarua wa mavuno kule Marekani ndiyo iliyoita vibarua huku. Miaka ya 1940 wenye mashamba wakaunda shirika lao la kutafuta wafanyakazi, SILABU, na moja ya sehemu walizozitegemea sana ni mkoa huu. Waha walijazwa kwenye mabehewa wakapelekwa kukata mkonge. Nina hakika humu ndani kuna mtu ambaye babu yake alikuwa manamba. Kuna waliorudi na baiskeli na blanketi, kuna waliorudi na kifua kibovu, na kuna ambao mpaka leo ukoo wao uko Korogwe na Muheza na Kiha hawakijui.

Halafu wakulima walewale wakapata mashine nyingine, inayokata na kupura ngano kwa mkupuo mmoja shambani, isiyofunga miganda. Zikaja na kamba za plastiki. Tanganyika, iliyokuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, iliona bei ikiporomoka katika miaka ya 1960. Kibarua wa Kasulu akakosa kazi kwa sababu ya kiwanda ambacho hajawahi hata kukisikia.

Wachumi hutuambia tusiogope: kazi haifi, inahama. Nakubali. Hiyo habari niliyowapa ndiyo ushahidi wake. Ila wakishasema hivyo wanafunga daftari, wakati mimi bado nina swali: ikihama, nauli analipa nani? Mara mbili kazi imehama, na mara zote mbili nauli imelipwa na familia ya huku. Mwenye reli hakulipa. Mwenye shamba hakulipa, na huyo mwenye mashine ya ngano hata hakujua kama tupo. Serikali ya kikoloni ilishatuweka kwenye hesabu zake kama chimbuko la vibarua, na chimbuko halijengewi kitu, linachotwa tu.

Kuna mashine ambazo sina neno nazo kabisa. Mashine ya kusaga ni mojawapo. Mama aliyekuwa anatwanga na kusaga kwa jiwe tangu alfajiri hakuwa analipwa na mtu. Mashine ilipokuja haikumnyang'anya ujira, ilimpunguzia saa za mateso. Pampu ya maji ni hivyohivyo. Kazi isiyolipwa ikichukuliwa na mashine, iende, tuisindikize kwa ngoma. Sijawahi kusikia kijiji kimeandamana kudai mchi urudishwe.

Ugumu unaanza pale kazi inapokuwa nzito na inalipa. Tuchukue mise.

Wageni humu ndani wanajua mawese, lakini mise, yaani kiini cha kokwa ya chikichi, hawaijui. Chikichi ikishachemshwa, ikapondwa na kukamuliwa, yanabaki makapi na kokwa. Makapi yanawashia moto. Kokwa zinaanikwa mpaka kiini kiachane na gamba, ukitikisa unasikia kinacheza ndani. Hapo mama anakaa chini, miguu ameinyoosha, jiwe kubwa mbele yake na jiwe dogo mkononi. Anashika kokwa kwa vidole viwili, anagonga. Akigonga kidogo haipasuki, akizidisha kiini kinasagika na mnunuzi anakikataa. Vipande vya gamba vinaruka mpaka machoni. Ndoo moja ya mise ni kokwa mojamoja, hakuna mkato. Vidole vya akina mama hawa mnavijua, wengine mnavyo.

Na fedha ya mise ndiyo daftari la mtoto, ndiyo chumvi, ndiyo mchango wa kikoba. Mafuta yake yanakwenda kwenye sabuni, mashudu yanakwenda kwa mifugo.

Sasa mashine ya kubangua ipo, na si ya ajabu. Ni pipa lenye pangaboi ndani linalozunguka kwa kasi na kuzirusha kokwa ukutani zipasuke. Kisha vyote vinamwagwa kwenye maji yaliyokorogwa udongo wa mfinyanzi mpaka yakawa mazito: kiini kinaelea, gamba linazama. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuitengeneza hapahapa mjini. Kazi ya wiki nzima ya mama mmoja inakwisha kabla chai haijapoa.

Nani anainunua? Mara nyingi ni yule mwenye kinu cha mawese, au mfanyabiashara wa mjini. Akishainunua hana haja tena ya kumlipa mama abangue. Ananunua kokwa zilivyo, kwa bei ya kokwa. Tofauti ya bei kati ya kokwa na mise, iliyokuwa ya mama, imehamia kwake. Kijiji kinazalisha mise nyingi kuliko zamani, afisa anaandika ripoti nzuri, na mama amepumzika. Amepumzika na fedha yake pia!

Hapa tofauti na reli ni kwamba mashine ni ndogo na iko karibu. Reli mpagazi asingeweza kuinunua. Pipa la kubangulia, akina mama ishirini wanaweza. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Nimeona mikopo hiyo ikiishia kwenye bodaboda na viti vya kukodisha kwenye harusi. Viti si vibaya, lakini kikundi cha wabangua mise kikimiliki kibanguzi, mapumziko na fedha vinabaki nyumba moja. Na tuharakishe, maana miche ya tenera, ile michikichi chotara inayotoka kituo cha utafiti cha Kihinga, ina gamba jembamba na kokwa ndogo. Mafuta ya mawese yataongezeka, lakini mise katika kila mkungu itapungua. Atakayekuwa bado na jiwe mkononi wakati huo atagonga zaidi apate kidogo.

Kuna kijana atasema ninaogopa mambo makubwa. Makubwa tulishayaona, tena jirani tu, Urambo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliamua kulima karanga kwa matrekta Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mashine ziliharibika haraka, vipuri havikuwepo, madereva walikuwa wanajifunzia kazini, na mvua na udongo havikusoma mpango wa London. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikaenda na maji. Wakati huohuo Mnyamwezi alikuwa analima karanga zake kwa jembe la mkono na anavuna. Sisemi jembe la mkono lidumu, linavunja migongo. Nasema mashine bila fundi wake na bila mtu anayeijua ardhi ni chuma tu.

Kuhusu simu na benki sitakaa sana. Karani wa dirishani amepungua, mawakala wa fedha wamejaa kila kona mpaka Kalinzi. Hiyo ilihama vizuri, kwa sababu kuwa wakala hakukuhitaji kuhama mkoa. Kulihitaji meza, mwavuli na mtaji kidogo.

Nimalizie bandarini, maana huko saa inahesabu. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506. Reli ya namna hiyo haiji kupakua saruji kwa mabega. Leo kuli wa Kigoma anachukua mfuko wa kilo 50, anapita ubaoni mpaka ndani ya boti iendayo Kongo au Burundi, mara ishirini ndipo imetimia tani moja. Hakuna binadamu anayestahili kuifanya kazi hiyo mpaka uzee, na winchi ikija nitaipigia makofi. Ila safari hii hatuwezi kusema hatukuambiwa. Kwa hiyo madai yangu ni matatu, na nayatoa mbele ya diwani niliyemwona akiingia kwa kuchelewa. Majina ya makuli wote yaandikwe sasa, wakiwa bado kazini, siyo baada ya kutawanyika. Vijana wao wapelekwe VETA wajifunze winchi na umeme wa mitambo kabla mitambo haijafika, ili waendeshaji wasije kwa treni kutoka kwingine. Na kwa wazee wao, ambao hakuna chuo kitakachowabadilisha, kila tani itakayopita kwenye mashine itolewe kiasi kidogo kiingie kwenye mfuko wao kwa miaka itakayokubaliwa. Mtaniambia ni gharama. Ndiyo, ndiyo nauli yenyewe, ila safari hii ilipwe na mzigo.

Maswali sasa. Tuanze na mama wa pale mbele, amenyoosha mkono tangu nilipotaja mise.