Leo 25, keshokutwa 5: mchezaji wa chuo tunampimaje?

Asanteni, kaeni jamani, muda wenyewe mdogo, nikianza na shukrani tutakesha hapa. Wengi humu mmeshanisikia nikilisema hili na najua kuna anayesema moyoni huyu kaja tena na wimbo wake uleule. Sawa. Nitauimba mpaka niache kusikia mchambuzi anamaliza msimu mzima wa kijana kwa sentensi moja, "ana kipaji ila kiwango chake homa ya vipindi". Basi, imeisha hiyo. Ukimuuliza kipi hasa kinachopanda na kushuka, ni kulenga, ni ulinzi, ni dakika anazopewa, ni pumzi, anakutolea macho tu. Na anayesemwa hapo ni mtoto wa miaka 19 au 20, yuko chuo Marekani, anacheza kikapu, mechi thelathini na kitu kati ya Novemba na Machi, katikati kuna mitihani, na hiyo sentensi moja inamfuata mpaka siku ya drafti, pale timu za NBA zinapochagua vijana wapya.

Naanza na wa kwetu, Hasheem Thabeet, maana yeye tulimfuatilia wote na kila mtu alikuwa na la kusema.

Februari 14, 2009, Jumamosi, chuo chake, Connecticut, au UConn kwa kifupi, wanacheza na Seton Hall. Thabeet anapiga pointi 25, ribaundi 20, yaani mipira iliyokosa kuingia akaidaka, na bloku 9, mirusho ya wapinzani aliyoizuia hewani. Ribaundi ishirini! Bloku moja zaidi na angekuwa na tarakimu mbili kwenye safu zote tatu, na hata hilo halikuwa geni kwake, maana Januari 31 dhidi ya Providence alikuwa ameshafanya, pointi 15, ribaundi 11, bloku 10. Haya. Jumatatu, Februari 16, yaani siku mbili tu zimepita, mwili uleule, kocha yuleyule, Pittsburgh wanakuja Hartford na UConn ndio namba moja nchi nzima. Thabeet anamaliza na pointi 5 na ribaundi 4. Aliyesimama mbele yake, DeJuan Blair, ana pointi 22 na ribaundi 23. Pittsburgh wanashinda 76 kwa 68.

Na kuna ile picha ambayo mkiitaja mechi hii watu wote wanaikumbuka, wanagombania mpira, mikono imekabana, Blair anamgeuza juu ya bega lake na Thabeet anaruka hewani kama gunia, mtu wa futi 7 na inchi 3. Picha ile iliharibu uchambuzi wote wa mechi. Kila mtu akaona kafedheheshwa, akaandika hana moyo, laini, leo yupo kesho hayupo.

Sasa naomba mniskilize vizuri hapa kwasababu ndipo ninapotaka mbaki hata kama mtasahau mengine yote. Bloku nyingi za mtu mrefu hazitokani na mtu anayemkaba yeye. Zinatokana na mtu wa mwenzake. Gadi, yule mchezaji wa nje, anapitwa pale juu, anayempita anaingia ndani kwa kasi, macho kwenye rimu, kile chuma cha kikapu, na ule mkono mrefu unatokea upande ambao hakuutarajia. Hiyo ndio kazi Thabeet aliyoifanya vizuri kuliko karibu mtu yeyote chuoni miaka ile, Big East, ligi ya vyuo waliyokuwa wakicheza UConn, walimpa tuzo ya mlinzi bora 2008 na 2009. Kwa kazi hiyo unahitaji vitu viwili tu, nafasi ya kupiga hatua moja au mbili na nafasi ya kuruka.

Blair hakumpa hata kimoja. Blair alikuwa na futi 6 na inchi 7, mfupi kwake kwa kama sentimita ishirini, lakini mpana na mzito, na ubora wake ulikuwa kwenye muda. Yeye hasubiri mpira ugonge chuma. Mpira ukitoka tu mkononi mwa mrushaji, ukiwa bado hewani, Blair ameshageuka, ameshusha kiuno, ameweka makalio yake kwenye mapaja yako na anarudi nyuma taratibu kama mtu anayesukuma kabati. Wewe mrefu umeanza kuegemea nyuma. Mtu anayeegemea nyuma haruki! Jaribuni hapohapo mlipo, simama, egemea nyuma kidogo, halafu ruka. Urefu wako wote huo umebaki pambo. Mpira ukirudi kutoka kwenye chuma unakuta mfupi yuko mbele na mrefu yuko nyuma yake anauangalia.

Kwahiyo kilichobadilika kati ya Jumamosi na Jumatatu ni nini? Mnasema kiwango. Mimi nasema ule udhaifu wa miguu Jumamosi ulikuwepo pia, uleule, isipokuwa hakuwepo mtu wa kuufanyia mtihani. Na ule uwezo Jumatatu ulikuwepo pia. Thabeet wa Jumamosi na wa Jumatatu ni mtu mmoja aliyepewa maswali mawili tofauti, moja analijua na moja halijui.

Kuna kaka pale nyuma anatikisa kichwa, najua unataka kusema nini, unataka kusema mchezaji mkubwa anatafuta njia, hatuwezi kila siku kumtetea mtu kwa mpinzani. Simtetei mtu hapa kaka yangu! Mimi ndiye niliye mkali kuliko wewe. Wewe ukisema "homa ya vipindi" umemwachia mwanya, homa inakuja inaondoka, labda kesho itapona yenyewe. Mimi naandika "anasukumika chini na mtu mzito, anaruka kwa kuegemea nyuma, mechi zote, hata zile alizopiga 25". Hiyo haiponi yenyewe. Lakini pia ina dawa, miguu inajengwa, namna ya kushusha kiuno inafundishwa, na huyu alikuwa kijana aliyeanza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15, wenzake walianza wakiwa watoto wadogo. Sentensi yako haina kitu ambacho kocha anaweza kukifundisha kesho asubuhi. Hapo ndipo napandwa na hasira.

Wastani wake wa msimu ule ulikuwa pointi 13.6, ribaundi 10.8, bloku 4.2. Namba nzuri kabisa. Wastani ndio uliochanganya ile Jumamosi na ile Jumatatu kwenye chungu kimoja ukatoa uji usio na ladha ya yoyote. Memphis wakamchukua namba 2 kwenye drafti, nyuma yake wakamfuata James Harden namba 3 na Stephen Curry namba 7, na huyo Blair akaanguka mpaka namba 37 kwasababu ya magoti. NBA sasa ni kule ambako karibu kila usiku unakutana na mtu mwenye mwili wa kukusukuma. Februari 2010, mwaka mmoja tu baada ya ile wiki, Memphis wakamshusha kwenda ligi ya chini. Nalisema hili kwa uchungu, tulikesha kumwangalia yule kijana. Swali lake lilikuwa limeshaulizwa hadharani Jumatatu ile, na wengi wetu tukabaki kucheka picha ya bega.

Nimekula muda mwingi hapo. Twendeni kwenye kulenga, maana hapa ndipo kelele za "hayuko kwenye fomu" zinapozaliwa.

Trae Young, chuo cha Oklahoma, msimu wa 2017–18. Aliongoza nchi nzima kwa pointi na kwa asisti, zile pasi za kumfungisha mwenzako, msimu mmoja, 27.4 na 8.7, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Timu ikaanza na ushindi 14 na vipigo 2, ikamaliza na 18 kwa 14. Kwa hiyo kuanzia katikati ya Januari mpaka Februari ni kilio, kijana kashuka, kijana kachemka, walimpandisha mapema. Sasa chukueni kalamu. Mipira yake ya pointi tatu kwa msimu mzima iliingia asilimia 36, akirusha kama kumi kila mechi. Tuchukulie mtu asiyebadilika kabisa, mashine, kila mrusho una nafasi ileile ya 36 kwa mia, mechi 32, anarusha kumi kumi. Hesabu inasema karibu robo ya mechi, kama nane hivi, hiyo mashine itaingiza miwili au chini ya hapo. Na kwenye robo nyingine, kama nane tena na kidogo, itaingiza mitano au zaidi. Usiku mmoja pointi 6, usiku mwingine 15 au 18, na ndani ya mtu hakijabadilika kitu! Hajagombana na mtu, hajavimba kichwa, mkono uleule. Na mkiziona mechi tatu mbaya zimefuatana mnaanza kumtafutia sababu nyumbani kwao.

Sisemi Young hakushuka. Alikabwa na watu wawili, alichoka, mipira yote ilipita kwake, alipoteza mingi. Mechi ya Oklahoma State Januari 20 alipiga pointi 48, kichwa cha habari kizuri, lakini alirusha mara 39 ikaingia 14, wakafungwa 83 kwa 81 kwenye muda wa nyongeza. Ukimpima kwa pointi hiyo ni mechi yake bora. Ninachosema ni kwamba kabla hujatafuta sababu, toa kwanza sehemu ambayo bahati peke yake ingeileta, halafu kinachobaki ndio kitafutie sababu. Ukiruka hatua hiyo unamtibu mtu asiyeumwa. Na mitupo huru msiidharau, pale hakuna anayemkaba, mstari ni uleule msimu mzima, ukitaka kujua mkono wa mtu anza hapo kabla hujaangalia hata tatu zake.

Dada hapa mbele ameuliza wakati tunaingia, je kama mchezaji kapiga sifuri kabisa? Nashukuru umeuliza. Curry, akiwa chuo cha Davidson, Novemba 2008. Tarehe 18 anawapiga Oklahoma pointi 44. Wiki moja baadaye, tarehe 25, anacheza na Loyola ya Maryland, pointi 0. Kocha wa Loyola aliamua watu wawili wamfuate Curry kila anapokwenda, iwe ana mpira au hana. Curry akaona, akaenda akasimama kwenye kona. Amesimama tu pale na watu wake wawili pembeni kama walinzi wa harusi, na ndani wenzake wanne wanacheza dhidi ya watatu, mpira baada ya mpira. Alirusha mara tatu mechi nzima. Davidson walishinda 78 kwa 48. Thelathini! Mechi yake iliyofuata, na NC State, akarudi na 44 zilezile. Sasa mchoree mstari wa fomu mtu huyo, 44 huku, 0 katikati, 44 kule. Aliyeangalia karatasi ya takwimu anaona mtu kapotea mechi moja, na aliyeangalia uwanja anaona mchezaji aliyesoma mchezo kuliko kocha aliyempangia mtego.

Ndio maana nawaomba kila siku mkae na daftari. Si la pointi, hizo utazikuta. Andika alipokamatia mpira, hatua moja kutoka kwenye rimu au nne. Andika nani alikuwa mgongoni kwake. Andika miguu yake ilikuwa tayari au bado alikuwa anaipanga mpira unafika. Ukiandika hivyo mechi kumi utaona mtu wa posti, yule anayecheza ndani karibu na kikapu, anayekamatia mpira hatua moja Novemba, Februari anakamatia hatua tatu, mkono haujaharibika, ni kwamba kuanzia Januari timu za ligi yao zinakutana naye mara ya pili, zina video zake zote, na zinamsukuma nje kabla pasi haijaja. Novemba vyuo vikubwa vinalipa vyuo vidogo vije kufungwa, kila mtu anaonekana staa. Usifananishe Novemba na Februari bila kuandika pembeni alicheza na nani.

Faulo nitazipitia haraka, chuoni ni tano tu unatoka, mechi dakika 40, na makocha wengi ukipata ya pili kabla ya mapumziko wanakukalisha. Basi mrefu aliyepata mbili dakika ya sita ana pointi 4 kwa dakika 11 na mnaandika kapwaya. Gawanya kwa dakika kwanza. Majeraha ya wenzake nayo, UConn walimpoteza Jerome Dyson Februari 11, siku tano kabla ya ile Jumatatu, mkitazama Thabeet peke yake hamlioni hilo. Uchovu wa safari na mitihani ya Desemba nilitaka kuvieleza lakini naonyeshwa saa hapa.

Zimeni taa za mbele tuweke video, Hartford, kipindi cha kwanza. Naomba mtu yeyote asiangalie mpira. Angalieni kiuno cha Blair mpira unapotoka mkononi, halafu niambieni Thabeet amesimama kwenye vidole au kwenye visigino.