Fyuzi Nzima, Kiungo Moto

Assalaam aleikum, manahodha na mafundi wenzangu. Mwaka jana nahodha mmoja wa huku Tudor alinipigia simu: "Fundi, friza ikiwaka tu, inveta inazima. Na boksi la betri linanuka samaki." (Inveta ndiyo kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha friza.) Nikacheka. Mashua ya uvuvi, inuke nini, asumini? Lakini kicheko kikanikauka nilipokumbuka kwamba plastiki za aina fulani za vifaa vya umeme zikipata moto hutoa harufu ile ile, ya samaki aliyelala. Nikamwambia azime kila kitu mpaka nifike.

Nilipofika alikuwa amekwisha kununua betri mpya. Fyuzi, ya ampea 60, nzima kabisa, na ndiyo aliyokuwa akinionyesha: "Mbona haikukatika?"

Haikukatika kwa sababu haikuwa na kosa la kuliona. Chukueni geti la feri pale Likoni. Fyuzi ni mtu anayehesabu watu wanaopita. Watu wakiwa idadi ile ile ya kila siku, yeye ametulia. Ukifunga nusu ya geti, watu ni wale wale ila sasa wanasukumana na kutoka jasho, na mhesabuji wetu hana habari. Kiungo kibovu, yaani pale waya unapobanwa kwenye betri, ndilo geti hilo.

Sasa kulipata. Wengi wetu tunatoa waya kisha tunapima omu kwa mita, tunaona sifuri, tunasema pazuri. Mita hapo inapitisha umeme mdogo mno. Inawapitisha watu wawili getini, watabanwaje? Pima mzigo ukiwa unafanya kazi. Tuliwasha friza, nikaweka mita kwenye volti za betri, ncha moja juu ya nguzo yenyewe ya betri, ya pili juu ya kichwa cha waya kilichobanwa hapo hapo. Kati yao hakuna hata upana wa kidole. Mita ikasoma volti 1.1.

Zidisheni: inveta ilikuwa inavuta ampea 40. Mara 1.1, ni wati 44. Hiki chuma changu cha kulehemu ni cha wati 40. Yaani ndani ya boksi lile, pembeni ya plastiki, palikuwa na chuma cha kulehemu kinachowaka safari nzima! Na inveta ikipungukiwa volti huvuta ampea zaidi, joto likapanda tena.

Tulizima, tukatoa waya wa hasi kwanza, tukafungua nati. Kichwa cha waya kilikuwa cheusi, na chini yake, kati ya shaba na nguzo, pameketi washa ya stenlesi. Aliyeifunga alipenda kitu kisichoshika kutu, na kwa hewa yetu hii ya chumvi simlaumu. Lakini stenlesi hupitisha umeme vibaya kuliko shaba kwa zaidi ya mara 30. Shaba ikae juu ya nguzo moja kwa moja. Washa ije juu yake, kisha nati.

Waya nao tuliurudisha nyuma shibiri nzima. Ukimenya ukakuta nyuzi zina ukijani au weusi, endelea kukata mpaka shaba ing'ae. Kichwa kipya tulikibana kwa koleo lake, si kwa nyundo, tukasugua nguzo kwa msasa, tukakaza, na grisi tukapaka nje baada ya kukaza.

Haya ni ya volti 12. Ukiona soketi ya umeme wa gatini, ule wa 240, imeyeyuka, zima swichi ya nchi kavu kwanza, na usiisugue: itupe, weka mpya.

Mashua ile niliirudia baada ya wiki mbili, maana mashine hutikisa na shaba hulala. Nati ilikubali robo mzunguko. Tukawasha friza, nikapima pale pale: volti 0.03.