Nani Ataniosha? Janga, Jamii za Kidini na Haki za Maiti

Masheikh wetu, walimu, wazazi na ndugu zangu nyote, Assalaam alaykum.

Tunapozungumzia namna jamii za kidini zilivyolikabili janga la korona, mazungumzo huelekea upesi kwenye swala ya jamaa: misikiti ifungwe au isifungwe, safu zibanwe au ziachane. Ni suala zito, lakini kwa maoni yangu silo lililotia watu hofu kubwa zaidi mwaka 2020, kwa kuwa dini ilikuwa na jibu lake tangu zamani. Khalifa Umar bin Khattab alikuwa njiani kwenda Sham, yaani Syria na nchi jirani, alipopata, mahali paitwapo Sargh, habari za tauni iliyozuka huko, akaamua kurudi. Swahaba Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia qadari, yaani majaaliwa, ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kwamba naam, anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea qadari ya Mwenyezi Mungu, kisha swahaba mwingine, Abdurrahman bin Auf, akaleta hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayokataza kuingia penye tauni na kuikimbia ikukutapo ndani. Kwa hiyo waadhini wa Kuwait waliponadi Machi 2020 kwamba watu waswali majumbani mwao, wengi walihuzunika, lakini hawakuhisi kuwa wametolewa nje ya dini.

Swali lililowakosesha watu usingizi lilikuwa jingine: nikifa, nani ataniosha?

Mnazijua haki nne za maiti: kuoshwa, kukafiniwa (kuvikwa sanda), kuswaliwa na kuzikwa. Ni fardhi kifaya, maana yake asipopatikana wa kuzitimiza, dhambi ni ya mji mzima. Katika mitaa yetu anayeosha si mtu wa kuajiriwa. Ni jirani, ni ami, ni mama mtu mzima aliyewaosha wanawake wa mtaa kwa miaka mingi. Huanza kwa viungo vya udhu, kuliani kabla ya kushotoni, mkono ukipita chini ya shuka ili aliyesitiriwa akiwa hai asitiriwe akiwa maiti, na maji ya mwisho hutiwa karafuumaiti. Wahenga waliposema mwosha huoshwa walikuwa wakieleza ahadi ambayo jamii nzima imejengeka juu yake: niliowaosha wamekwenda, nami nitaoshwa na waliobaki. Korona iliitikisa ahadi hiyo, na serikali kadhaa zikaivunja kabisa pasipo haja.

Mfano mchungu zaidi ni wa Sri Lanka, ambako Waislamu ni karibu asilimia 10 ya wananchi. Mwezi Aprili 2020 serikali iliamuru kila aliyefariki kwa korona achomwe moto, kwa hoja kwamba virusi vingepenya ardhini na kuchafua maji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa tarehe 24 Machi mwaka huohuo ulikuwa umekwisha kueleza kwamba hakukuwa na ushahidi wa mtu aliyeambukizwa na maiti wa korona, na kwamba maiti wanaweza kuzikwa au kuchomwa. Amri haikubadilika. Waliokwenda mahakamani walikataliwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Desemba 2020 bila ya kupewa sababu. Mwezi huohuo mtoto mchanga wa siku 20 alichomwa katika makaburi ya Borella, Colombo, bila ya ridhaa ya wazazi wake, na watu, wakiwamo wasio Waislamu, wakaenda kufunga vipande vya kitambaa cheupe kwenye uzio wa makaburi hayo. Kitambaa cheupe kwetu hakihitaji maelezo. Maziko yaliruhusiwa Februari 2021, na ilipofika Julai 2024 baraza la mawaziri la nchi hiyo likaomba radhi.

Madhara ya amri ile hayakuwa ya huzuni peke yake. Mgonjwa anayeamini kwamba mlango wa hospitali unaelekea kwenye tanuri ataficha homa yake, atabaki nyumbani, na ataambukiza watoto wake. Sheria iliyotungwa kwa jina la afya huwa imeidhuru afya.

Nasema haya mbele ya wenyeji wa Mombasa kwa makusudi. Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ya Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale, sawa na Eastleigh kule Nairobi. Wakazi wengi walisita kupimwa, na wakaitwa wakaidi na wajinga. Siafiki. Mwezi uliotangulia nchi nzima ilikuwa imeona picha za marehemu wa Siaya aliyezikwa usiku, haraka, na watu waliovaa mavazi ya kinga, bila ya heshima anayostahiki mtu. Tena katika siku za mwanzo aliyepelekwa karantini alidaiwa gharama zake mwenyewe. Aliyejiuliza mara mbili kabla ya kupimwa alikuwa amehesabu vizuri tu.

Inawezekana kufanya vingine, hata pale ambapo hatari ya maiti ni ya kweli. Ebola huambukiza kupitia mwili wa aliyefariki, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba angalau asilimia 20 ya maambukizo mapya Afrika Magharibi yalitokea mazikoni. Novemba 2014 shirika hilo lilitoa utaratibu mpya wa maziko, ulioandaliwa pamoja na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Islamic Relief, Caritas na Msalaba Mwekundu. Utaratibu huo ulimruhusu Mwislamu aliyevaa mavazi ya kinga kumfanyia maiti tayamamu, yaani kumtwaharisha kwa udongo badala ya maji, na kumvika sanda. Wataalamu walikaa na viongozi wa dini, wakauliza kipi hakiachiki na kipi kina badali.

Ombi langu kwa kamati za misikiti zilizoko hapa ni kwamba kikao cha namna hiyo kifanyike sasa, wakati hakuna janga. Idara ya afya ya kaunti ipewe orodha ya waosha wa kila mtaa, wanaume kwa wanawake. Wafunzwe kuvaa na kuvua mavazi ya kinga. Na ukubaliane upande huu na ule, kwa maandishi, ni ugonjwa gani utaruhusu maji na ugonjwa gani utatulazimisha tayamamu.