UAZ-469 Ughaibuni: Liache Lilivyotoka Kiwandani

Ndugu zangu, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie namna mtu anayeishi hapa Uingereza anavyoweza kununua na kuingiza gari la zamani la jeshi la Kisovieti. Magari hayo ni ya aina nyingi, kwa hiyo nitashika moja ninalolipenda na kulijua, jipu la UAZ-469. Nasaha yangu naitoa mapema: lipate likiwa zima, kisha liache lilivyotoka kiwandani.

Gari hili lilianza kuundwa Ulyanovsk, kando ya mto Volga, mwaka 1972, likachukua nafasi ya jipu la awali, GAZ-69. Injini ni ya petroli, silinda nne, lita 2.4, nguvu farasi 75. Lakini utamu wake haupo kwenye injini. Lala chini uvunguni utazame ekseli. La jeshi lina gia za ziada kwenye kila gurudumu, zinazoinua ekseli juu zaidi ya kitovu cha gurudumu, hata tumbo la gari likabaki sentimita 30 kutoka ardhini. Ndugu yake wa kiraia, 469B, hana gia hizo, naye ana sentimita 22. Yote mawili hupakwa kijani na kutangazwa kuwa ya jeshi, basi usinunue kwa picha ya ubavuni. Tazama na plagi: kwenye la jeshi mfumo wa umeme wa kuwashia umekingwa kwa chuma, cheche zisije zikavuruga redio.

Gia hizo nne za magurudumu kila moja ina oili yake. Watu hubadilisha oili ya injini na ya giaboksi, hizi wakazisahau, na zikikauka hazisamehe. Magurudumu ya mbele nayo yaunganishe na injini kwenye tope au mchanga tu. Halina difu ya katikati, yaani gia ya kuruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, na juu ya lami kavu utazitesa gia bure.

Liliundwa litumie petroli ya daraja la chini, kwa hiyo petroli ya leo inalitosha na kubaki. Tatizo ni ethanoli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hula mipira ya zamani, yaani mabomba ya mafuta na kiwambo cha pampu. Badilisha mipira hiyo kwanza, kisha tia E5, ambayo ethanoli yake haizidi asilimia 5.

Wapo watakaokushauri utoe injini uweke ya dizeli. Kataa, na sababu ipo kwenye sheria. Gari lililotimiza miaka 30, lililo katika hali yake ya asili na la muundo usiotengenezwa tena, forodha inaweza kulikubali kuwa kitu cha wakusanyaji: halitozwi ushuru, na VAT yake ni asilimia 5. Likikataliwa, unalipa ushuru asilimia 10, kisha VAT asilimia 20 juu ya jumla. Chukua gari la pauni 6,000, nauli ikiwemo. Kwa njia ya kwanza unalipa pauni 300. Kwa ya pili ni 600 za ushuru na 1,320 za VAT, jumla 1,920. Kwa kuwa kiwanda cha Ulyanovsk kimeendelea kuunda magari yanayofanana nalo, andaa maelezo na picha za kuonyesha kwamba lako ni muundo wa zamani.

Mahali pazuri pa kununua ni Ujerumani. Jeshi la Ujerumani Mashariki lilivunjwa Oktoba 1990, na magari yake mengi yakauzwa kwa raia, hivyo yapo yaliyosajiliwa kule miaka mingi na yenye hati kamili. Lipa zaidi kwa lenye hati. Ukitamani lenye deraya kama BRDM-2, uliza kibali cha kulitoa nchini kabla hujatoa senti. Kununua Urusi kwenyewe, kwa vikwazo vya sasa, sikushauri kabisa.

Likishafika, una siku 14 za kuliarifu shirika la kodi kwa utaratibu uitwao NOVA, ndipo ujaze fomu V55/5 ya usajili. Taa za mbele zimulike kushoto, maana zilitengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia. Vitambaa vya breki vya enzi hizo mara nyingi vina asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, msivipulize vumbi. Likifika miaka 40 bila mabadiliko makubwa, unaweza kuomba lisilipe kodi ya barabara na lisipelekwe ukaguzi wa kila mwaka. Hapo pia mwenye injini ya kigeni anajiweka mashakani.

Nasisitiza uasilia kwa sababu nyingine iliyo karibu nasi. Katika Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, jeshi la Tanzania lilitumia BM-21, mtambo wa Kisovieti wa roketi 40 uliobebwa na lori, ambao Waganda waliuita Saba Saba. Magari ya kizazi hicho ni sehemu ya historia yetu, na lililokatwakatwa halimwonyeshi tena kijana wazee wetu walipanda nini.

Mmoja ameshaniuliza kama anaweza kulipeleka nyumbani. Kenya haipokei gari lililotumika likazidi miaka 8, na usukani wa kushoto ni kikwazo cha pili. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Wa Tanzania tuanze kwa kuuliza mamlaka ya mapato, kwa maandishi, kabla ya meli. Karibuni maswali.