Chungu Kisichosimama

Kamwene, Iringa. Wazazi na walimu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kazi zangu tatu ninazozipenda. Waliokwisha kunisikia wanajua nitaishia palepale pa siku zote: weka simu chini, kitazame kitu chenyewe, ndipo uchore. Nitalisema mpaka lieleweke.

Picha ya kwanza ni hii ya chungu. Penseli na mkaa, juu ya karatasi ya manila. Mwaka wangu wa kwanza chuoni tuliambiwa tuchore chombo cha nyumbani kwetu. Mimi mtoto wa Tukuyu, maharage ya chungu cha Kikisi, kile cha Wakisi, wafinyanzi wa kando ya Ziwa Nyasa, nimeyala tangu nimepata akili. Nikaona hiyo ni kazi ya usiku mmoja. Nikachora nikiwa bwenini, chungu chenyewe kiko nyumbani jikoni. Nikaweka kivuli, nikang'arisha shingo, nikapata alama nzuri sana. Hizo alama zishikeni, nitazirudia.

Likizo nikaenda Matema, kule kule ziwani, kwa shangazi. Jumamosi pale Lyulilo kuna soko la vyungu, na akina mama wa Kikisi wanavileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Nikamsaidia mama mmoja kupakua, kisha nikamtolea picha yangu. Nilitaka anisifu, nasema kweli. Akaishika, akaitazama muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, hiki unakipikia wapi?"

Nikamjibu, "Jikoni, mama. Kwenye mafiga."

Akanirudishia karatasi. "Hakitakaa."

Nilikuwa nimechora kitako bapa, kama cha sufuria! Chungu cha kupikia kitako chake ni mviringo. Kinatulia katikati ya mafiga matatu na moto unakizunguka. Ukikiweka sakafuni bila kata, ule mviringo wa kukalishia chungu, kinalala ubavu. Mama yule akanieleza kwamba ukikipa chungu pembe, motoni kitapasukia kwenye pembe hiyo hiyo. Akasema hivyo huku anapanga vyungu vyake, wala hakuwa na habari kwamba ananifundisha kuchora.

Sasa niambieni. Mtu aliyekulia jikoni penye chungu, akakiosha, akakibeba, anawezaje kukichora na kitako cha sufuria? Anaweza, kwa sababu hajawahi kukitazama. Nilichokuwa nimechora ni neno tu, neno chungu. Na aliyenipa alama naye alisahihisha neno. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na sitaificha leo.

Nikaomba nikae kwa yule mama siku mbili. Hawatumii gurudumu la kufinyangia. Chungu wanakizungusha kwa mkono na jicho haliondoki ukingoni. Mimi pembeni nikachora chungu kimoja mara kumi na nne. Hii mnayoiona ni ya kumi na nne. Tazameni mdomo wake: upande wa kushoto umelegea kidogo, pale dole gumba lilipokandamiza. Tazameni chini: kinagusa ardhi sehemu ndogo, haizidi kiganja cha mtoto, na kivuli kinaanzia hapo hapo. Uzito wote wa chungu uko kwenye doa hilo jeusi. Doa hilo peke yake lilinichukua asubuhi nzima. Nyumba ikiungua leo, picha nitakayoikimbilia ni hii. Chuoni ilipata alama chache kuliko ile ya sufuria.

Kuna anayetaka kuniuliza, "Mbona Tingatinga alichora wanyama bila kukaa mbele yao?" Swali hili nimeulizwa kila ninakokwenda. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, kusini huku huku. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia hadbodi na rangi za kupakia baiskeli, alikuwa mtu mzima mwenye macho yake mwenyewe. Akafariki 1972. Miaka yake ya kuchora ilikuwa michache kiasi hicho, na jina lake limegeuka jina la mtindo mzima. Kumnakili yeye ndiyo kuchora kama yeye? Hapana! Nakala ya chui wake ni chui wa nani?

Mwingine atasema picha ya simu inatosha. Haya, nenda jikoni kwa bibi ukapige. Pembe ya giza nyuma ya mafiga simu itakupa weusi mtupu. Jicho lako likizoea, palepale utaona kahawia, utaona masizi yanavyong'aa kwa buluu, utaona paka. Simu haikumwona paka.

Nimekula muda. Picha ya pili, mikono ya mama yangu akimenya viazi. Rangi yake ni udongo mwekundu wa uwanja wetu, niliutwanga, nikauchuja kwa kitambaa, nikauchanganya na gundi nyeupe ya mafundi seremala. Wazo nililipata hapa kwenu, Igeleke. Mliowahi kwenda kwenye mwamba wa Igeleke kutazama ile michoro, nyoosheni mikono. Wanne. Wanne, na mwamba uko hapo pembeni mwa mji! Watu na wanyama wamechorwa pale kwa rangi nyekundu, na aliyewachora hakuna anayelikumbuka jina lake. Wekundu wa udongo ni kutu ya chuma, ndugu zangu, na kutu jua haliipaushi. Bei yake ni jasho la kutwanga. Kwa hiyo mzazi usiniambie mtoto hachori kwa sababu rangi ni ghali.

Ya tatu ni ukungu wa asubuhi ukishuka kutoka mlima Loleza, Mbeya. Nilikuwa na mengi ya kusema juu yake, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Jueni tu kwamba hamna tone la rangi nyeupe mle. Ule weupe ni karatasi yenyewe, nimeiacha.

Chungu nimekuja nacho. Kiko pale mezani, kwenye kata. Karatasi zipo, penseli zipo. Simu mpeni mwalimu hapo mlangoni, mje mkae.